Nafasi Niliyoikalia

Mwanangu, liko swali moja ambalo sijapata kulijibu mpaka umri huu: siku zile niliposhindwa kusema hapana, nilikuwa na adabu, au nilikuwa napenda tu kuitwa?

Nakuuliza kwa sababu juzi ulinieleza, huku ukicheka, jinsi mawakala wa ajira wanavyokupigia simu kila siku na mkataba wako bado haujaisha, na jinsi unavyowaambia wote kwamba utafikiria. Nilicheka nawe. Baadaye sikuweza kumaliza chakula changu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo kikuu, nikichora ramani za majengo kwa mkataba wa miezi sita sita katika shirika moja la umma pale Posta. Nilipanga chumba Kariakoo, nyuma ya soko. Chumba cha pili walikaa Athumani na mkewe, Mwajuma. Athumani naye alikuwa mchoraji wa mkataba ofisini kwetu, na kwa kweli mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilichomzidi ni shahada.

Simu ya ofisi ilikuwa moja, mezani kwa Bi Tatu, mpokea simu. Kila Jumatatu alinipigia Bwana Mbonde, aliyekuwa akitafuta mchoraji wa kiwanda kipya huko mikoani.

"Bwana harusi!" Bi Tatu aliita, ofisi nzima isikie. "Mchumba wako huyo. Leo umkubali, mimi nimechoka kupokea posa!"

Watu waliangua kicheko. Nami nilinyanyuka polepole kuliko ilivyohitajika, ili wanione nikienda.

"Ndugu yangu," Bwana Mbonde alisema, "nafasi ni moja. Ajira ya kudumu, na barua naiandika siku hiyo hiyo. Kama hutaki, nitajie mwenzako nimchukue."

"Nipe wiki moja nifikiri," nilijibu.

Sikuwa nafikiri chochote. Sikutaka kuondoka Dar es Salaam, na hilo nililijua tangu simu ya kwanza.

Wiki ya pili, mkataba wa Athumani ulikwisha na haukuongezwa. Miaka ile, mtu mzima asiye na kitambulisho cha kazi hakuwa na amani mjini. Mgambo walisimamisha watu mitaani, na asiyekuwa na karatasi alipakiwa kwenye lori akalime mashamba ya mbali. Athumani alitembea na barua yake ya zamani, ameikunja ili tarehe isionekane upesi.

Jioni moja alinikuta barazani.

"Vipi, msomi, yule bwana umeshamjibu?"

"Bado nafikiria."

"Haya, fikiri. Nyie mnafikiri mpaka chai inapoa." Alicheka, kisha akaongeza bila kunitazama, "Ukiiacha, usinisahau."

"Nitakusahau vipi?" nilimwambia. Jumatatu iliyofuata niliomba tena wiki moja. Ilikuwa ya sita.

Kesho yake, Jumanne, mgambo walimkamata Athumani mchana Mtaa wa Kongo, amekwenda kununua unga. Habari iliponifikia ofisini nilikimbilia simu. Bi Tatu hakutania; alinisogezea kiti, nami sikukaa.

"Kazi ile siitaki," nilimwambia Bwana Mbonde. "Mwandikie barua rafiki yangu Athumani."

"Yuko hapo nizungumze naye?"

"Amechukuliwa na mgambo leo."

"Ndugu, neno hilo ulikuwa nalo wiki zote hizi? Siwezi kumwajiri mtu aliye kwenye lori."

Jioni ile Mwajuma alikuwa ukumbini, ameelekea mlangoni, sahani ya mumewe imefunikwa kando yake. Nilimpita nikitazama sakafu. Chumbani kwangu niliamua kwamba nitamweleza yote, hata kama hatanisemesha tena maishani.

Athumani hakurudi, mwanangu. Homa ilimchukua huko huko shambani, akazikwa na watu wasiojua jina la mama yake.

Basi nisikilize. Anayekuita kwenye kazi usiyoitaka, mkatalie simu ya kwanza, kwa heshima na bila kuzungushana, na umtajie mtu anayeihitaji. Kama kweli unahitaji kufikiri, taja siku utakayojibu, na siku hiyo ujibu. Tulilelewa tukiamini kwamba kukataa waziwazi ni ukali. Mimi nimeona ukali wa kutokataa. Neno lako la "nitafikiria" linaziba njia, na nyuma yako amesimama mtu usiyemwona, au unayemwona kila jioni. Mungu akupe ujasiri wa kuachia mapema usichokihitaji, na akuepushe na mzigo kama huu nilionao.

Asubuhi iliyofuata Jumanne ile nilimkuta Mwajuma uani, akiwasha jiko la mkaa. Nilichuchumaa mbele yake, nikamweleza habari za simu, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Namba ya huyo bwana tulikuwa nayo, shemeji," alisema. "Bi Tatu alimpa mume wangu. Nikamwambia, piga. Akasema hapana, nafasi ni ya rafiki yangu, siwezi kumzunguka kabla hajaikataa."