Kalenda Iliyongoja Mwezi

Kiduka chetu cha uchapaji pale Mji Mkongwe kiliaibika Ramadhani moja. Mwezi haukuandama siku tuliyoitarajia, kalenda yote ya msikiti mmoja wa Michenzani ikabidi isogezwe, nasi tukaichapa upya mbio mbio. Dakika za futari za siku moja zikageuka: ishirini na moja ikawa kumi na mbili. Watu wa msikiti ule wakafungua jua bado halijazama, wakalazimika kuilipa siku ile. Bi Mkubwa, mwenye duka, aliilipa pamoja nao ingawa yeye hakufungua mapema. Tangu hapo alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, asiwaone watu.

Mwaka uliofuata msikiti ule ule ukatupa tena kazi. Bi Mkubwa akaapa kwamba tukikosea hii, anafunga duka.

Nami nilikuwa nimejifunza jambo. Tarehe na nyakati niliziweka katika faili la hesabu, kila tarehe na saa zake, kisha nikaliunganisha na faili la maandishi lenye kalenda. Ukibadilisha tarehe ya kwanza kule, huku zote zinafuata, na hakuna anayechapa dakika upya.

"Kwa hivyo mafaili yanapelekeana salamu?" Bi Mkubwa alinitania, lakini hakucheka.

Redio ikatangaza kuwa mwezi haukuonekana. Nikabadilisha ile tarehe moja. Bi Mkubwa akataka kuifungua kalenda kwa mkono wake mwenyewe. Ikafunguka na tarehe zile zile za zamani. Nikamgeukia.

"Kompyuta imekuuliza nini, Bi Mkubwa?"

"Imeniuliza kama ilete mapya kutoka faili jingine. Nshaijibu hapana. Mimi sikubali kitu nisichokijua."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikaifunga kalenda, nikamwomba aifungue tena. Akalisoma swali polepole, akasema bismillahi, akabonyeza ndiyo. Tarehe zote zikasogea. Akavaa miwani, akazikagua mstari kwa mstari mpaka wa mwisho.

"Haya, chapa," alisema.

Siku ya kwanza ya mfungo tulifuturu kwa dada yake, ghorofani Michenzani. Bi Mkubwa alisimama dirishani, tende mkono huu, kalenda mkono huu. Jua likazama, dakika ikafika, adhana ikalia. Alikula tende ile huku akilia, nami nikafurahi kupita kiasi.

Kesho yake alikwenda sokoni kwa njia ya mbele.