Pazia Katikati ya Mdahalo

Barua ya mwaliko ilinikuta kwenye cherehani, hapa Ibighi, nikimalizia mapazia ya ukumbi wa kanisa. Niliisoma mara mbili nimesimama, kisha nikaisoma mara ya tatu kwa sauti ili mteja aliyekuwa anasubiri gauni lake naye asikie. Televisheni ya kebo ya mjini kwetu, ile inayotangaza misiba na kurudia mechi za jana, ilikuwa inaandaa mdahalo wa wagombea udiwani wa kata yetu. Moja kwa moja, Jumapili saa tisa alasiri, na wananchi wangepiga simu kuuliza maswali. Wagombea tulikuwa wawili tu: mimi, na diwani aliyekuwepo.

Nilifurahi kupita kiasi, sifichi. Mimi ni mtu wa maneno. Nimezaliwa Singida katika nyumba ya watoto tisa, ambako asiyepaza sauti alikuta sufuria limeshaoshwa. Tangu kampeni zianze nilikuwa nazunguka vitongojini na kipaza sauti cha kuazima, na kila mkutano wanakuja watu walewale, wengi wao wateja wangu. Sasa ningeingia sebuleni mwa kila mtu bila kubisha hodi. Usiku ule nililala na barua chini ya mto, mtu mzima mimi.

Nilikuwa na jambo moja tu la kusema, na lilikuwa linaniwasha: barabara inayoshuka hadi kwenye banda la kukusanyia majani ya chai. Mvua ikinyesha, na huku Rungwe mvua hainyeshi bali inaishi, lori haliwezi kushuka. Majani yaliyochumwa alfajiri yanashinda kwenye magunia mpaka yanapata joto na kugeuka rangi, jioni yanamwagwa. Mimi na mume wangu tuna shamba letu dogo. Nimeyamwaga majani hayo kwa mikono hii. Nilitaka diwani aulizwe mbele ya watu, mimi nikiwepo, kwa nini barabara ile haijachongwa, na ajibu.

Tatizo lilikuwa kwamba diwani ni mkwe wangu.

Ni mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, na kwa Wanyakyusa huyo ni mkwe kamili, hana nusu. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha. Mkwe humtazami usoni. Hukai naye chumba kimoja. Jina lake hulitaji. Ukimwona anakuja njiani unapinda, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Vijana wa mjini siku hizi wanayacheka mambo hayo, lakini ukoo nilioolewa una wazee wanaoangalia. Miaka kumi na minne nimeishi nao, na yule mzee hajawahi kunielekezea neno hata moja, wala mimi kwake. Salamu zetu zilipitia kwa wengine, kama barua.

Mtu atauliza iweje nigombee dhidi yake. Nilipoombwa na akina mama wa chama changu, mume wangu alicheka, kisha akasema kura haina ukwe. Mama mkwe alisema sanduku la kura halina macho, kwa hiyo hakuna anayemtazama mtu. Shida ilikuwa jukwaani. Utamshambuliaje mtu usiyeruhusiwa kutaja jina lake? Nilimwita "mheshimiwa aliyepo", na watu wakawa wanaanza kucheka kabla sijafika kwenye hoja.

Siku tatu baada ya barua, dada mtangazaji wa televisheni alinipigia simu. Ndiye anayesoma matangazo ya vifo, na sauti yake hata ikiwa na furaha inakufanya utafute kitambaa.

"Mama, mzee kachomoa," alisema.

"Kachomoa vipi?"

"Anasema hawezi kukaa meza moja na mkamwana wake. Mila haziruhusu. Na mama, watu wote ofisini wamemwelewa."

Nilikata kitenge cha mteja vibaya siku ile, nikalazimika kukilipa. Miaka yote nilikuwa naingia kwenye migomba, umande unanilowesha mpaka magotini, kwa heshima. Sasa heshima ileile imekuwa ukuta wa kujifichia. Na ukuta wenyewe ulikuwa mzuri ajabu, maana nani angeugusa? Ningesema anakwepa maswali, ningeonekana mwanamke wa kuja asiye na adabu.

Mji mzima ulikuwa na maoni. Dukani kwangu mwalimu mmoja kutoka Bukoba alisema kiongozi anayeomba kazi lazima akae kwenye kiti cha usaili kama alivyokaa yeye. Mama muuza ndizi akamjibu kwamba diwani anaonekana kwa kazi, mdahalo ni wa wenye midomo. Hata mwenezi wa chama changu mwenyewe, ambaye alipaswa kunitetea, alisema aliye mbele hana sababu ya kwenda, na angekuwa yeye asingekwenda. Nilibishana na wote huku nikiendesha cherehani. Mishono ya wiki ile ilikuwa imepinda yote.

Aliyeniumiza ni mume wangu. Tulikuwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Wewe unajua kusema," aliniambia. "Baba mdogo hajui. Tangu utoto wangu anapata kigugumizi mbele ya watu. Sasa niambie, mke wangu, barabara inachongwa kwa mdomo?"

 Niliondoa vyombo nikaenda kukaa dukani peke yangu. Mapazia ya ukumbi wa kanisa yalikuwa yamening'inia kwenye waya, mazito, rangi ya zambarau, yanagusa sakafu. Niliyatazama kwa muda. Halafu nikasimama, nikacheka peke yangu kama chizi.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anamenya ndizi, nikapiga magoti nikamsalimu, nikamuuliza: mkwe na mkamwana wakikaa chumba kimoja, pazia likiwa katikati, mila inasemaje?

Aliendelea kumenya. Alimenya ndizi tatu nzima.

"Pazia linafika chini?"

"Linafika chini, mama. Nitalishona mwenyewe."

"Ukipita miguu yake usiione."

"Sitaiona."

"Basi hicho si chumba kimoja," alisema. "Hivyo ni vyumba viwili. Nitakwenda kumwambia mimi."

Akajifunga kitenge chake kizuri akaenda, mjane wa kaka mtu, ambaye diwani hawezi kumfungia mlango. Sijui walizungumza nini. Jioni aliporudi alisema tu kwamba amemwambia: mkamwana wako amekuheshimu, na wewe waheshimu watu. Mzee amekubali. Nilimrukia mama mkwe nikamkumbatia, kitu ambacho pia hakifanywi, akanisukuma akicheka.

Jumapili ile manyunyu yalianza tangu ibada. Studio ni chumba kimoja kule Makandana, zamani ilikuwa stoo ya mbolea, na bado inanuka kidogo. Nilifika saa saba na pazia begani. Nililitundika mwenyewe kutoka ukutani hadi mbele ya kamera, likakigawa chumba sawasawa. Kamera iliwekwa kwenye ncha ya pazia, ili watazamaji watuone wote wawili, mmoja huku na mwingine kule, na dada mtangazaji akiwa pembeni ya kamera. Mji mzima ungetuona tukiwa pamoja isipokuwa sisi wenyewe. Mimi niliingia kwa mlango wa mbele. Yeye aliingizwa kwa mlango wa nyuma, na nilijua amefika niliposikia kikohozi chake. 

Nilianza mimi. Jamani, nilisema. Nilisema kama maji ya mto Kiwira wakati wa masika. Niliieleza barabara kona kwa kona, nikaeleza magunia yanavyotoa mvuke, nikaeleza harufu ya majani yaliyoungua kwa joto lake lenyewe. Dada mtangazaji alisahau kunikatiza. Kisha zamu ikaenda upande wa pili, na nikasikia karatasi. Alikuwa anasoma. Alisoma polepole, akirudia mistari, akitamka maneno makubwa ya vijana wake wa kampeni kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. Nilimwonea huruma kidogo na nikafurahi sana. Nilijiambia, umeshinda, mama, umeshinda hata kabla ya chai.

Simu zikaanza. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mzaliwa wa upande wa Masoko, aliyeolewa katani kwetu.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru mtangazaji kwa Kinyakyusa. "Mimi namuuliza mzee. Lile gleda lilikuja mwaka juzi, tuliliona na macho. Likapita. Balabala yetu likaiacha. Lilikwenda wapi?"

Hata mimi sikujua kama kulikuwa na greda la kuchonga barabara. Niliinama mbele kwenye kiti.  Mvua juu ya bati. Upande wa pili nilisikia karatasi ikifunguliwa, halafu nikasikia ikikunjwa, mara moja, mara mbili, ikawa ndogo.

"Hapa wameniandikia greda liliharibika," mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya nyumbani. "Halikuharibika. Lilikuja kwa siku mbili. Wiki hiyo kaka yangu alifariki. Watu wanatoka Mbeya, wanatoka Dar, mvua inanyesha, gari la maiti litapitaje kwenda kwetu? Nililipeleka greda kwetu. Siku zote mbili. Nilisema litarudi kwenye chai. Halikurudi. Mama, barabara yako nilimzikia kaka yangu."

Kaka yake ni baba mkwe wangu.

Nilikuwepo kwenye msiba ule. Nilitoka mjini ndani ya gari lililojaa mapazia meusi niliyoyashona usiku kucha, nikiogopa tutakwama, na hatukukwama. Niliona udongo mwekundu umechongwa safi pande zote mbili hadi mlangoni. Niliona, na nilifurahi, na nikasema Mungu ametusaidia. Sikuuliza ametusaidia kwa kutumia nini.

"Mama, una la kusema?" dada mtangazaji aliniuliza, na uso wake ulikuwa umewaka, maana alijua nimepewa ushindi kwenye sahani.

Ningeweza kummaliza. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Nilifungua mdomo, nikasema, "Nilipita kwenye barabara ile. Niliona imechongwa. Sikuuliza."

Dada akanitazama kama nimeugua ghafla. Na hapo pazia likatikisika kidogo, kwa pumzi au kwa upepo, na sauti ikaja moja kwa moja kwangu. Haikupitia kwa mtangazaji, wala kwa mama mkwe, wala kwa mtu yeyote.

"Mkamwana. Msiba ungekuwa wa kwenu Singida, na greda liko mkononi mwako. Ungefanyaje?"

Miaka kumi na minne, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.  Nilijua jibu la kisiasa. Nilijua hata jibu sahihi, maana majani ya watu si ya kuchezea. Lakini hakuniuliza lililo sahihi, aliniuliza ningefanya nini, na kata nzima ilikuwa inasubiri.

"Sijui, baba," nilisema. "Lakini kesho yake ningewaambia watu."

"Hapo umenizidi," alisema. "Mimi nimechelewa miaka miwili."

Nilipofika nyumbani simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa kunitukana kutoka kwa watu wangu. Mwenezi hakuongea nami siku nne. Upande wa pili walikuwa na hasira vilevile, walisema mzee amejichimbia kaburi, na ndiyo maana viongozi hawaendi kwenye midahalo. Sokoni watu walibishana mpaka ndizi zikaiva. Mimi nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi. Kila aliyeniuliza kama kiongozi aende kwenye mdahalo nilimwambia aende, aburutwe ikibidi, na karatasi yake ichukuliwe mlangoni.

Alinishinda. Hakunishinda kwa mbali, lakini alinishinda, na najua ni kwa sababu ya jibu lake la greda, na jibu lile lilitoka kwa sababu ya pazia langu. Mume wangu alijaribu kunifariji. Nilimwambia asijisumbue.

Kuna jambo sikumwambia, wala mwenezi, wala mama mkwe. Siku ya kupiga kura niliwahi foleni, nimevaa gauni jipya, nikapewa karatasi, nikaingia nyuma ya kile kibanda cha kadibodi. Pale palikuwa na picha mbili, yangu na yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. Ana uso mpana, uliochoka, unaofanana na wa mume wangu kuliko nilivyodhani. Nilishika kalamu, nikasimama. Mimi niliyezunguka kata nzima nikisema nichagueni, nilisimama pale nikifikiri kwa kweli kama watu wengine wote.

Nilijipigia mimi. Ila nilikaa sana mle ndani, mpaka msimamizi akaja karibu akaniuliza kama kalamu haiandiki. Nikamwambia inaandika.