Ushuru wa Viatu na Ulimi Wangu

Siku moja ya Novemba, mwanangu, haijanitoka moyoni hadi leo: siku niliyomtukana mwanamke asiye na kosa kwa sababu ya bei ya viatu. Najua utanijibu kwa Kiswidi, kama mlivyozoea nyinyi mliozaliwa huku, lakini nisikilize kwanza kwa Kiswahili. Kuna maneno ambayo nikiyasema kwa lugha nyingine yananipotea mdomoni.

Nilikuja Stockholm kutoka Nakuru kusoma, nikamaliza, nikaoa, nikabaki. Kazi niliyosomea sikuipata upesi, basi nikawa nauza viatu katika duka dogo pale Vällingby, hatua chache kutoka kituo cha treni. Tulikuwa watatu: Lennart mwenye duka, mimi, na Lurdes, mama wa Kireno aliyenizidi umri kidogo. Lurdes hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichopenda ni kukigeuza kiatu juu chini na kukagua mishono yake, kama mama anavyokagua masikio ya mtoto aliyetoka kuoga.

Mwaka huo wakubwa wa Ulaya waliongeza ushuru juu ya viatu vya ngozi kutoka China na Vietnam. Walisema vinauzwa kwa bei ya chini mno, na viwanda vya kusini mwa Ulaya vinakufa. Sasa, ushuru wa namna hiyo hulipwa na yule anayeuingiza mzigo, wala si yule aliyeutengeneza kule mbali. Aliyeuingiza humwongezea mwenye duka, na mwenye duka atamwongezea nani tena kama si mteja? Akina mama waliozoea kununua buti za watoto bila kufikiri mara mbili wakawa wanazishika, wanasoma bei, kisha wanazirudisha rafuni polepole. Nami najifanya sioni.

Wateja wakapungua. Ndipo Lennart akatuita siku hiyo, akavua miwani, akatuambia kwamba hawezi tena kutupa saa zote za kazi sisi wawili. Hakusema nani atapunguziwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Lurdes akasema kwa sauti ya chini, labda akijiliwaza tu, "Mama yangu ameitwa tena kiwandani. Siku nne kwa wiki."

Mama yake alikuwa mshona viatu huko Ureno, na alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Ningeweza kusema hongera. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikamwambia mbele ya wateja wawili, "Kumbe mama yako ndiye anayekula mkate wa mwanangu! Mwambie basi aje anunue hivi viatu."

Lurdes aliingia stoo, akakaa huko hadi wateja wale walipoondoka.

Jumapili nilikwenda Sundbyberg kwa Mama Spesi, Mrundi tuliyesali naye, aliyekuwa mama kwetu sote tulioacha mama zetu mbali. Nilimsimulia yote nikitarajia anionee huruma. Alikuwa akichambua maharagwe. Akaacha.

"Weye, unajua mimi nilikuwa nani Bujumbura?"

Sikujua. Miaka yote nilimjua kama mama anayesafisha ofisi.

"Nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Mashine nne naziangalia peke yangu. Halafu mitumba ikaja kwa wingi, shati kwa bei ya andazi. Watu walifurahi. Hata mimi nilifurahi, watoto wangu niliwavika mitumba hiyo hiyo. Mwisho mashine zikanyamaza moja moja, na mimi nikarudi nyumbani. Leo mashine ya mama mmoja huko imelia tena, na weye unamtukana binti yake mbele ya watu?"

"Lakini Mama, na mimi nitakula nini?"

"Njaa yako ni ya kweli, sijaikataa. Ila si Lurdes aliyeileta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho nenda ukamwombe radhi. Ukishamwomba, kaeni chini muulizane kila mmoja anajua kufanya nini."

Nilirudi kwetu nikiwa mdogo kama punje ya ulezi.

Jumatatu nilifika dukani kabla ya Lennart. Lurdes alikuwa mlangoni, mikono mifukoni. Nilimwomba msamaha bila kuongeza "lakini", maana msamaha wenye "lakini" ni tusi la pili.

"Mama alilia alipoitwa kazini," akasema. "Nami nililia naye kwenye simu. Kisha nikaja hapa nikaona bei mpya, nikaogopa. Ulidhani mimi siogopi?"

Nikamuuliza swali la Mama Spesi: wewe unajua kufanya nini?

"Kushona viatu," akasema. "Tangu nina miaka kumi na miwili."

Unaujua mji huu wakati wa baridi. Njia hunyunyiziwa kokoto na chumvi, na chumvi hula ngozi na mishono. Zamani kiatu kikiachia soli, mtu alikitupa akanunua kingine. Sasa kipya kilikuwa ghali. Tukamwomba Lennart kona ya dirishani na mashine ya kushonea iliyokwisha kutumika. Akajikuna kichwa. "Hadi Krismasi," akasema, "halafu tutaona."

Wa kwanza alikuwa mzee aliyeleta viatu alivyovaa kwenye harusi ya binti yake. Lurdes akavishona upya, mzee akavishika kama aliyerudishiwa mtu aliyempotea. Nami nikajifunza. Soli ya kwanza niliyoigundisha mimi ilibanduka kituoni, mteja akairudisha mkononi huku anacheka, mwanzo mgumu. Lakini dada yako alipozaliwa Januari, foleni ilikuwa inafika mlangoni, na majira ya kuchipua yalipoingia sote wawili tulikuwa na saa zetu kamili.

Miaka michache baadaye ushuru ule uliondolewa. Bei zikashuka, ingawa si zote. Kiwanda cha mama yake Lurdes kilikuwa kimeutumia muda ule kujifunza kutengeneza buti za baridi kali, kikabaki wazi. Cha jirani yao kilikaa tu kikifurahia nafuu, kikafungwa. Mimi nilipata kazi yangu huko Södertälje. Lurdes akabaki na kona yake mpaka alipostaafu.

Basi mwanangu, ukisikia watu wanabishana kuhusu ushuru, huyu anasema utatuokoa, yule anasema utatuua, usikimbilie upande. Uliza nani atanunua kwa bei kubwa, nani atarudi kazini, na nani atakosa kazi. Wote hao ni watu, na kila mmoja ana mtoto wa kulisha. Ukipata nafuu, jifunze nayo kitu, kwa maana nafuu haikai. Na dhiki ikikubana, usimtafute wa kumlaumu aliye karibu nawe. Mtafute wa kushirikiana naye.

Mungu akupe kazi unayoipenda na bei unayoiweza. Akuepushe na chuki dhidi ya mtu usiyemjua. Na kila unapokosa, akupe ujasiri wa kuwahi mlangoni asubuhi na kusema nisamehe. Amina.