Igoki Hahesabu Watu

Tangu mbuzi wake wa kwanza apotelee kwenye vichaka vya Gachoka, yeye akiwa msichana wa miaka minane, Igoki hajawahi kutulia. Akiwa ndani ya gari husikiliza breki. Maji huyachungulia kabla ya kuyanywa. Kwa hiyo akina mama kumi na mmoja wa kanisa lao walipopanga siku tatu za kutembea katika mbuga ya taifa, juu ya vilima vya pwani, mumewe Ngari alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Wewe? Utachoka getini."

"Basi nitachokea huko," Igoki akasema, akaendelea kukunja leso zake.

Siku ya kwanza walitafuta palahala, wale swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu. Igoki alimuuliza askari wa mbuga kama ndovu hupita hapo. Akamuuliza kama bunduki ina risasi. Akamuuliza tena. Wenzake wakamwita Inspekta. Jioni kiongozi wao, Mwalimu Lorna, aliyestaafu kufundisha Embu mjini, akamvuta kando, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Munene, kesho tunashuka kwenye maporomoko ya maji. Kupanda kurudi ni kama kupanda ukuta. Wewe ubaki na Kivuti dereva, utuchungie mikoba."

"Mikoba ina miguu, Mwalimu? Itatoroka?"

"Unatuchelewesha na hofu zako."

"Hofu ni zangu, nitazibeba mwenyewe. Maji ya mtoni nimebeba mgongoni miaka ishirini, kamba kwenye paji la uso. Nitashuka."

Akashuka. Magoti yalimlilia kila hatua, lakini hakumpa mtu nafasi ya kuyasikia. Chini, akina mama walivua viatu, Gladys akiwa wa kwanza, wakaingia majini na vigelegele. Hata Kivuti alichoka kungoja kwenye gari, akawafuata, akaazima leso akajifunika kichwa asilowe.

Saa ya kurudi, Mwalimu Lorna alipanda juu ya jiwe akawahesabu kwa kidole, kama wanafunzi wa paredi. Akina mama wakaguna. Kwao mtu hahesabiwi kwa kidole. Ni kuita mkosi.

"Kumi, na mimi kumi na mmoja," Lorna akasema. "Twendeni."

Igoki hahesabu watu. Hata mbuzi hawahesabu. Anayejua mbuzi wake hutazama sura: yule mwenye sikio lililokatika, yule anayependa kubaki nyuma. Katikati ya mlima aligeuka, akatazama nyuso zilizolowa jasho, akasimama.

"Gladys yuko wapi?"

"Yupo," Lorna akajibu. "Tuko kumi na mmoja, kama tulivyokuja."

"Nimeuliza Gladys, sijauliza hesabu."

"Mama Munene, usianze!"

Igoki akaketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha. Njia ilikuwa nyembamba. Wa kupita ilibidi amruke.

"Mimi sitoki hapa."

"Saa hizi ndovu hupita hapa, mama," askari akasema.

Igoki akavitupia macho vichaka. "Wapite," akasema. "Watanikuta."

Hapo Kivuti, akihema, akavua leso kichwani polepole. "Mwalimu, na mimi ulinihesabu?"

Lorna akaitazama leso ile, akahesabu upya: akina mama kumi tu. Askari akageuka kushuka, na Igoki nyuma yake, magoti yapende yasipende. Walimkuta Gladys nyuma ya mwamba karibu na maji, ndara imekatika, kifundo cha mguu kimevimba.

"Niliita," Gladys akalia. "Maji yana kelele. Nilidhani mmeniacha."

"Nani akuache? Shika bega."

Kupanda kulichukua zaidi ya saa nzima. Igoki hakuomba kupumzika hata mara moja. Wala hakuacha kuuliza kama ndovu wako karibu.

Asubuhi ya siku ya tatu ilikuwa zamu ya msitu. Mwalimu Lorna alimjia, macho yako kwenye nyasi.

"Mama Munene, leo..."

"Leo pia naenda," Igoki akamkata, akifunga kamba za raba.

"Najua unaenda. Nilitaka kukuuliza kama tumetimia."

Igoki akasimama. Akazitazama nyuso moja moja bila haraka, pamoja na ya Gladys, aliyekuwa dirishani mwa gari, mguu umefungwa bandeji.

"Tumetimia," akasema. "Lakini huyo askari aangalie risasi zake."