Kengele za Ghala la Zombe

Barua ya Halima ilinifikia Mukuyuni shule zikiwa zimefungwa. Aliandika kwamba kazi yake ingebomolewa Jumamosi, nami nije kabla ya hapo kama bado nilikumbuka ahadi yetu ya chuoni, kwamba kila mmoja angeenda kuona kazi ya mwenzake. Tulisomea uchoraji pamoja. Yeye aliendelea, mimi niliolewa, nikafundisha hesabu, na kwa miaka tisa sikushika brashi. Nilimuaga mume wangu, Muthama, nikaondoka.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi hadi Machakos, na kutoka hapo jingine la Kitui. Njia nzima nilitazama udongo: mwekundu, kijivu, mwekundu tena. Zamani ningeuchota nikauchanganya na gundi kupata rangi. Nililala kwa binamu yangu Kitui mjini.

Ijumaa saa nne nilipata lori la mahindi. Dereva aliniuliza kama nilikuwa naenda Zombe kununua mbuzi. Nilimwambia naenda kuona picha, naye akawasha redio.

Zombe, saa nane mchana. Halima alinipokea kwenye duka la baba yake, mfanyabiashara wa mifugo aliyehama kutoka Garissa akiwa kijana. Vidole vya Halima vilikuwa na rangi hadi ndani ya kucha. Nilivionea wivu.

Baada ya chakula alinipeleka kwenye ghala la ngozi nyuma ya nyumba. Alikuwa ametundika ngozi za mbuzi kutoka darini, akazipaka udongo, majivu na mkaa. Hapakuwa na mtu wala mti katika picha zile, ila mistari na madoa. Chini ya kila ngozi palining'inia kengele ya mifugo, na nafasi ilikuwa ndogo, huwezi kupita bila kuzigusa. Nilipopiga hatua ghala zima lililia, ngozi zikageuka, na picha niliyokuwa nikiitazama ikawa nyingine. Nilizunguka humo hadi jua likashuka.

Halima aliniambia baba yake hakuwahi kuingia. Mzee aliuliza tu atarudishiwa ghala lini, maana ngozi mpya zilikuwa njiani.

Jumamosi asubuhi mzee alikuja na vibarua wawili, akatangulia ndani. Kutoka mlangoni tulisikia kengele za chuma, kisha moja ya mti, nzito. Halafu kimya. Tulimkuta ameishika kwa mikono miwili.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa sanduku lako, baba. Nilidhani umeisahau."

"Ni ya ngamia wa mama yangu," alisema. "Tangu nitoke kwetu sijaisikia."

Aliitikisa tena, polepole, akainamisha sikio. Kisha akawaambia vibarua wakatafute turubai. Ngozi mpya zingekaa nje.

Jumapili nilianza safari ya kurudi. Halima hakuniuliza kama bado ninachora. Alinishika tu mkono kwa muda mrefu.

Nilifika Mukuyuni Jumatatu jioni. Siku zote niliamini kazi ya namna ile huwafaa waliosoma, na kwa kisingizio hicho niliiacha. Mzee yule hakukaa darasani hata siku moja. Muthama aliponiuliza nimeona nini, nilimwambia tu kwamba chumba cha nyuma, kile tulichopanga kuwekea mbaazi, nakitaka mimi.