Namna Ami Alivyokataa Uongozi

Ami yangu alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kule Unguja, na mtu asiyelijua hilo basi hajapata kukaa naye muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Alitumikia muhula mmoja, na wenyewe haukufika mwisho. Alisimama kusema mara nne. Mara ya kwanza alishukuru kwa kuchaguliwa. Mara ya pili aliunga mkono hoja ya mwenzake. Mara ya tatu aliomba madirisha yafunguliwe kwa sababu ya joto. Mara ya nne alihutubia juu ya taa za barabarani, hotuba ambayo, kwa maelezo yake, iliwatoa watu machozi.

Hotuba hiyo ilichapishwa katika kumbukumbu za Baraza. Mwaka 1964, mapinduzi yalipotutoa Unguja kwenda Oman, wengine walikimbilia vyeti vya ndoa na misahafu ya wazee wao. Yeye alichomoa kile kitabu cha kumbukumbu, akakitia ndani ya kanzu, akapanda nacho meli. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, alipanda na mbuzi ya kukunia nazi. Kati ya wawili hao mwenye akili alikuwa Shangazi, maana nazi zilikuwa zikifika sokoni Matrah, lakini barabara zenye taa tulizikosa miaka sita.

Tulikaa Wadi Kabir, mtaa wa Muscat, nyumba ya vyumba viwili na ua uliokuwa ukipika mawe mchana kutwa. Ami alichukua chumba kikubwa kwa muda tu, mpaka mambo yake yatengenee. Mimi na Shangazi tulibanana katika kile kidogo, na tukajifunza kwamba neno "muda" lina mikono na miguu na linaweza kulala kitandani kwa mtu miaka sita. Kila asubuhi Ami alivaa joho, akafunga kilemba, akakaa kizingitini akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Mji haukuwa na baraza wala gazeti, na watu wake walikuwa na tabia mbaya ya kujua kazi zao.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na nilikuwa nikiandika riwaya. Nilikuwa nazo tatu ndani ya madaftari, zote zikianza kwa mvua kubwa, katika mji ambao mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Shule ya wasichana haikuwepo ya kunizuia. Niliamini kwamba sentensi nzuri inaweza kusogeza mlima. Milima ya Muscat iko karibu sana na madirisha, nami niliiangalia kila siku kama imesogea.

Basi ukaja mwaka 1970, akaja mtawala mpya, na milango ikafunguliwa. Ndugu zetu waliokuwa wametawanyika walianza kuteremka na masanduku yao, wakiuliza maji yako wapi, ofisi iko wapi, na kwa nini kuna joto hivi. Ofisi moja ya serikali ikatoa neno: familia zilizotoka Unguja na Pemba zichague mtu mmoja wa kuzisemea. Atathibitisha nani mtoto wa nani, atapeleka majina, watu wapate karatasi na kazi. Wazee walikubaliana watu wakutane, wamchague.

Ami alizipata habari hizo Alkhamisi. Ijumaa alikuwa tayari anagombea.

Nataka nimtendee haki, kwa sababu baada ya hapa sitamtendea. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyemuuliza Ami swali lolote isipokuwa "umekula?" Aliyewahi kusikilizwa, hata kama ni juu ya madirisha, hapoi. Alikitaka kiti kile kuliko chakula. Shangazi naye alikitaka kwa sababu zake. Msemaji wa watu, alisema, hawezi kukaa chumba cha dada yake. Serikali itaona haya, impe nyumba.

Mimi niliteuliwa kuwa katibu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika maisha yake. Alinisomea huku akitembea uani, mikono nyuma. Nikaandika kwamba alizaliwa katika nyumba ya elimu, ingawa Shangazi, aliyezaliwa nyumba hiyohiyo, alisema elimu huenda iliingia yeye alipokuwa kisimani. Nikaandika kwamba alifundisha miaka mingi, kwamba aliacha ualimu kwa wito wa umma, na kwamba alirudi Oman kwa mapenzi ya asili. Nilipomkumbusha kwamba tulirudi kwa meli iliyojaa watu wanaolia, alisema mapenzi ya asili hayazuii mtu kulia.

Halafu ikaja misimamo. Ami alikuwa na misimamo kama wengine walivyo na jamaa. Alikuwa mtetezi wa maji ya bomba, na kweli kule Unguja aliyapinga mara moja tu, bomba lilipotaka kupita shambani kwake. Alipinga kodi. Nilimwambia huku hatutozwi. Akasema ndiyo wakati mzuri wa kuipinga, kabla haijazoea. Juu ya lugha, alitaka watoto wasome Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili kitunzwe kama kito, yaani kitiwe sandukuni. Juu ya wasichana, alitaka wasome mpaka pale panapofaa. Nikamuuliza panafaa wapi. Akanitazama, akatazama daftari langu, akasema tuliache wazi hilo, wapigakura ni wanaume.

"Hakuna kupiga kura, Ami," nilimwambia. "Watu watakaa, watasema, basi."

"Mwanangu," akanijibu, "watu wakikaa wakasema, hiyo ni kura inayotoa sauti."

Akazunguka. Alikwenda Matrah, alikwenda Sib, akaingia nyumba kwa nyumba na joho lake, akasoma hotuba ya taa za barabarani mbele ya watu wasiokuwa na barabara. Jirani mmoja alimwazima kipaza sauti cha bati, cha kuelekeza mizigo bandarini, na kwa siku mbili tulimsikia akitoka upande mmoja wa bonde na mwangwi wake ukitoka upande wa pili, wakiungana mkono.

Mpinzani alikuwa mmoja, na hakujua kwamba ni mpinzani. Alikuwa fundi cherehani wa Matrah, mtu wetu wa Unguja, aliyekuwa akishonea kanzu nusu ya mji. Alikuwa akijua shingo ya kila mwanamume na nani amekonda. Mtu akishuka melini hana pa kwenda, alikwenda dukani kwa fundi, akakalishwa juu ya majora, akapewa chai, na kufika alasiri amekwisha kuonyeshwa jamaa zake. Msimamo wowote hakuwa nao. Ami alisema hilo ni tatizo kubwa kwa kiongozi.

Wiki moja kabla ya mkutano, Shangazi alirudi na habari kutoka Sib, alikokwenda matangani. Mzee wa kule, aliyepewa kuongoza mkutano, alikuwa amekisikia kile kipaza sauti. Alisema, kwa upole, kwamba desturi aliyoikuta kwa wazee wake ni kwamba anayeuomba uongozi hapewi; hupewa anayeukimbia.

Ami alivua kilemba, akakifunga upya. Kisha akasema, "Basi nitaukimbia."

Tulipanga sisi watatu, na nasema sisi watatu kwa sababu baadaye kila mmoja alidai walikuwa wawili. Jirani wa kipaza sauti atamtaja Ami. Ami atakataa. Watu watamsihi, kama mgeni wa Kiunguja anavyosihiwa chakula: husema ameshiba, hushikwa mkono, husema ana haraka, huvuliwa viatu, mara ya tatu hukaa na kula kuliko wenye njaa. Nani asiyeijua ada hiyo? Mara ya tatu Ami atakubali, kwa uchungu. Niliandika hotuba tatu za kukataa na moja ya kukubali, kurasa nne. Na kwa kuwa tumbo lililoshiba halina ubishi, Ami aliomba mkutano ufanyike nyumbani kwetu. Wazee wakakubali. Aliona ni ushindi.

Siku ilipofika, Shangazi alipika pilau tangu alfajiri. Wanaume walijaa uani na chumba kikubwa, ambacho kwa mara ya kwanza kilitandikwa vizuri. Mimi na Shangazi tulikaa chumba kidogo, nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa na tundu ambalo sisemi limetoka wapi. Ami aliwapokea watu mlangoni mmoja mmoja. Aliwanawisha mikono yeye mwenyewe. Akawakatia nyama, akawasogezea sahani, akawaambia waongeze, nao wakaongeza. Fundi alikaa karibu na viatu, na mtu aliyepita alikuwa akiinama kumwambia jambo.

Baada ya kahawa, mzee wa Sib aliuliza nani anafaa. Jirani akamtaja Ami, kwa sauti kubwa mno. Watu wakaitikia vizuri, vichwa vikakubali, na naapa mpaka leo kwamba kama angenyamaza tu pale angeupata.

Ami alisimama. Hakuangalia karatasi, alikuwa ameihifadhi.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ni kisima kilichokwisha kuchotwa. Nilisema siku zangu, na waliosikia wamesikia. Sasa nataka kukaa pembeni, nisikie watoto wa wenzangu wakisema. Mzigo huu mpeni mwenye mabega. Mimi nimebakiwa na dua, na dua zangu zote ni zenu."

Mzee mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Sauti ya Ami ilikuwa imevunjika palepale nilipoweka alama ya kuvunjika, na mimi nyuma ya pazia nilijisikia kama nimeusogeza ule mlima.

"Nani kaandika haya?" Shangazi alininong'oneza.

"Mimi."

"Mazuri," alisema. "Mungu akusamehe."

Ami alisimama akingoja kusihiwa. Alirekebisha joho. Akakohoa. Niliona vidole vyake vikihesabu kwa siri nyuma ya mgongo, moja, kama mtu anayejua kwamba mbili inakuja.

"Mbona hawamsihi?" nikauliza.

Shangazi aliweka jicho kwenye tundu. Kisha nikamsikia akivuta pumzi kama aliyesahau chungu motoni. "Nani amsihi? Wako kwake. Wamekula chakula chake. Umeona wapi mgeni akamlazimisha mwenyeji?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Ada yetu ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayesihi. Mgeni kazi yake ni kusihiwa. Mwenyeji akisema amechoka, mgeni mwenye adabu hutafuta viatu vyake. Uani walikaa watu waliolelewa vizuri, wote, mpaka wa mwisho. Laiti tungekutana kwa jirani.

"Mola akujaze kheri," alisema mzee wa Sib. "Tumekuelewa. Mtu halazimishwi nyumbani kwake."

"Isipokuwa," Ami akasema, "kama watu wataona..."

"Hapana, bwana," mmoja akamkatiza kwa mapenzi. "Pumzika. Umekwisha kututumikia."

"Mimi si kwamba siwezi..."

"Tunajua unaweza. Unatuonea haya tu. Kaa, mzee wetu, kaa."

Akajaribu tena, na mtu wa tatu alisimama, akamshika mkono, akamkalisha chini kwa upendo mkubwa. Kwa hiyo nisiseme kwamba Ami hakusihiwa. Alisihiwa mara tatu kamili, kama tulivyopanga, apumzike.

Mzee akauliza basi nani mwingine. Sauti kama kumi zilimtaja fundi kwa pamoja. Fundi aliinua uso kutoka kwenye kikombe. "Haya," alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake yote.

Kwa siku tatu Ami hakukaa kizingitini. Alilala ameelekea ukutani, na Shangazi, ambaye ulimi wake haukuwahi kumsamehe mtu, alimwachia chai mlangoni bila neno. Mimi nilichoma hotuba zilizobaki kwenye jiko la mkaa. Nilijiambia kwamba sentensi mbaya ingemwokoa. Ningeandika kwamba amekataa kwa sababu ya mafua, angalau mtu mmoja angemuuliza anaendeleaje.

Siku ya nne fundi alikuja, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, faili mkononi. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango na kusema, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, kwamba kule ofisini kuna Mwingereza, na Kiingereza chake yeye fundi ni cha kusoma lebo za majora. Majina yapo mengi na watu wanangoja. Anahitaji mtu wa kusema.

"Kama hutaona tabu, mzee," alisema. "Najua umetaka kupum..."

"Nipe dakika nivae," Ami alisema kutoka ndani.

Hakuipata dakika yote. Alitoka kilemba kikiwa nusu, joho bega moja, akapokea faili, akalifungua palepale jua kali, akaanza kumwonyesha fundi majina yaliyoandikwa vibaya. Mimi na Shangazi tuliwatazama wakiteremka bondeni. Mwanzoni fundi alikuwa mbele, kama inavyostahili. Walipofika kwenye karakana ya kwanza walikuwa sambamba. Walipokata kona Ami alikuwa mbele hatua tatu, mkono mmoja hewani, akisema, na fundi nyuma yake alikuwa akiitikia kwa kichwa, na faili sasa limebebwa na fundi.