Gari Lililomwita Mama Pasi Sugu

Mama Pasi alikuwa dereva wa dobi kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na wafuaji wenzake kwa sababu nguo zake mwenyewe hazikuwahi kuonja pasi. Kutwa alibeba mashuka ya nyumba za wageni, yamenyooshwa mpaka yanakaribia kukata vidole, huku yeye yumo ndani ya gauni lenye makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Hakujali. Alichojivunia ni njia. Mji aliujua kwa mashimo yake. Ungemfunga kitambaa machoni angekwambia mko mtaa gani kwa jinsi kiti kinavyomrusha.

Basi gari lake la zamani likafa, safari hii kufa kweli, na mwenye dobi akanunua jingine, mtumba kutoka Japani. Katikati ya dashibodi lilikuwa na kioo cha ramani kilichojengewa humo humo, chenye mshale na sauti. Fundi alikwisha kukitia ramani ya mji.

"Unaandika unakokwenda, unabonyeza hapa, unafuata mshale," mwenye dobi alimweleza.

"Mimi nionyeshwe njia? Mimi?"

"Ukumbi wa harusi kule mtaa mpya unaujua?"

Mama Pasi akajifanya anafuta kioo. Mtaa mpya hakuujua.

Siku ya kwanza akajaribu na safari nyepesi, taulo za zahanati. Alipokaribia kona, sauti laini ya kike ikatoka kwenye dashibodi: "Mamonaku, hidari."

Yeye akasikia, "Mama, nakuhadhari." Kiswahili cha kigeni kidogo, akaona, lakini ujumbe umefika. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori la nyuma likapiga honi ya kuamsha mitaa mitatu. Mama Pasi akashuka, akachungulia chini ya gari, akatazama juu, hakuona hatari yoyote. Akashukuru, akaendelea. Kona iliyofuata, hivyo hivyo. Mpaka anafika zahanati alikuwa amechungulia chini ya gari mara saba, na magoti ya gauni yamekuwa meusi.

"Leo umekuja kwa kutambaa?" muuguzi akamuuliza.

"Gari linanijali," akajibu kwa fahari.

Mapenzi hayo yaliisha wakati wa kurudi, kwenye barabara kuu iliyonyooka. Sauti ile ile ikatamka bila haya: "Massugu."

"Sugu?" Mama Pasi akakitolea macho kioo. "Mimi sugu?"

"Massugu," ikarudia.

"Sugu mwenyewe! Sugu wewe na kiwanda chako!" Alibishana nalo mpaka kwenye taa za barabarani, ambako trafiki alimsogelea polepole, akaona hakuna abiria, akarudi kinyumenyume.

Alipofika akampigia simu fundi. "Gari lako linanitukana."

"Halikutukani, mama, linasema lugha ya kwao. Mimi niliweka ramani tu. Kesho lilete, ila hapa kwangu pana shida moja. Bila wifi huwezi kubadilisha lugha."

"Hilo tu? Wifi nitakuja naye."

"Utakuja na nani?" fundi akauliza, lakini Mama Pasi alikuwa amekwisha kukata simu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu mstaafu. Alitembea na chaki mkobani na kusahihisha vibao vya maduka bila kuombwa. Kuambiwa kwamba fundi amesema bila yeye haiwezekani hakukumshangaza hata kidogo. "Nilijua tu wataniita," akasema, akatafuta miwani.

Asubuhi wakaondoka pamoja, wapitie kwanza ule ukumbi wa mtaa mpya kupeleka vitambaa themanini vya meza. Wifi alikaa mbele na daftari magotini, kalamu sikioni.

"Mamonaku, hidari," sauti ikasema.

"Umesikia? Ananihadharisha." Mama Pasi akagusa breki.

"Usisimame, wifi. Kata kona." Wifi akaandika kitu. Kona ya pili akaandika tena. Kwenye ya sita akavua miwani. "Hadhari gani hiyo? Hidari ni kushoto. Linasema tunapopinda kushoto tu. Kulia linasema migi."

"Na sugu?"

"Nyoosha, twende tuone." Wakanyoosha. Gari likasema massugu. "Haya, hiyo ni moja kwa moja."

Uso ukamwiva Mama Pasi. "Kwa hiyo jana nimemtukana bure."

"Mwombe radhi uendeshe."

Akaomba radhi. Wakafika ukumbini bila kuuliza mtu, mapema mno, mlango umefungwa, wakala maandazi yao ngazini.

Huko kwa fundi, Mama Pasi akamsogeza wifi yake mbele kama anayekabidhi mzigo. "Huyu hapa."

Fundi akatazama huku na huku. "Huyu nani?"

"Wifi! Si ulisema bila wifi haiwezekani?"

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi. Akaeleza kwa machozi kwamba alimaanisha wifi ya mtandao, ile ya hewani. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia asimame vizuri anapozungumza na wakubwa. Fundi akasimama. Kisha akaunganisha kioo na simu yake, akapekua orodha ya lugha. Kiswahili hakikuwemo. Kiingereza kilikuwemo.

"Kiingereza nimekifundisha miaka thelathini na mbili," akasema mwalimu, "nimechoka nacho. Acha kama lilivyo, hiki tumekwisha kukijua."

Likaachwa. Wiki iliyofuata Mama Pasi alipeleka taulo zahanati bila kushuka hata mara moja, akitii kila kona, mpaka kwenye mtaro mpya uliochimbwa katikati ya barabara. Gari likasisitiza massugu. Mama Pasi akautazama mtaro, akautazama mshale, akazima kioo.

"Hapo umechemka, dada," akaliambia kwa upole, akashusha dirisha, akamwita muuza nyanya. "Samahani, ndugu yangu, hapa watu wanapitia wapi?"